Majibu Bila Démarche

Musinisifu akili mbele yangu. Batu ya Beu, mutaa wetu, kila banaponiona, banasema huyu Kavira alikuwa na kichwa tangu utoto. Minanyamaza juu sipendi kugombana na batu ku barabara. Lakini leo nitasema namna ile kichwa ilifanya kazi, halafu na nyinyi mutanyamaza.

Kwetu Beni tulikuwa tunasoma kalasi moja, miye na yaya Jacob, kaka yangu. Alinizidi mwaka moja na nusu, mais alirudilia kalasi mara mbili, njo nikamufikia. Miye nilikuwa wa kwanza kila mwaka. Yeye alikuwa anafika mwisho wa mwaka amechoka, anapita kwa neema ya Mungu, ao hapiti. Hakuwa muvivu. Alikuwa anahitaji mutu wa kumuonyesha kitu mara tatu, na mu kalasi ya batoto makumi tano na tano, nani atakuonyesha mara tatu?

Mwaka wa 1999, tulipokuwa tunaingia deuxième secondaire, kalasi ya pili ya sekondari, basoda baliingia mu shule yetu. Balilala mu makalasi na kupasua banc zetu za kuketi kuwa kuni za kupikia maharagi. Papa yetu alikuwa mulimaji na shemasi wa kanisa, hakuwa mutu wa kubishana na bunduki. Halafu papa mudogo Esdras akatuma habari kutoka Butembo. Kule masomo ilikuwa inaendelea. Nyumba yake ilikuwa imejaa batu ya kukimbia vita, lakini alikuwa amebakiza kitanda kimoja, donc tumutumie mutoto moja.

Nilijaza nguo zangu mu sakoshi miye mwenyewe. Hakuna mutu aliyeniambia kitu. Nilijua tu: mutoto moja, basi ni ule wa kwanza. Kisha maombi ya asubui papa akatuita, akasema Jacob njo ataenda.

"Kavira, weye una kichwa," akaniambia. "Utasoma hata peke yako. Jacob bila mwalimu mukali atapotea."

Mama akaitika amina, eti ni sala. Nilitoa nguo zangu mu sakoshi moja moja, nikamupangia Jacob zake. Nilikasirika, na sioni haya kulisema. Nilikasirika mupaka chakula kikanishinda siku mbili.

Beni kulibakia section moja tu ya secondaire karibu na kwetu, coupe-couture, kukata na kushona nguo, mu chumba cha nyuma ya kanisa. Mama Godelive alikuwa anafundisha basichana kumi na munane na mashini mbili, moja haina sindano. Akanipa makasi na magazeti ya zamani nikate mifano ya blouse. Nilimaliza blouse yangu mbele ya bote, na yeye pia akasifu kichwa yangu. Nilitaka kumurushia makasi.

Mu mwezi wa kumi, Gérard, chauffeur wa camion aliyekuwa anashusha viazi kutoka Butembo, akaniletea kaye ya Jacob, daftari yake. Ndani kulikuwa mazoezi ya algèbre na maneno haya: "Kavira, nisaidie. Usiandike jibu tu. Niandikie na démarche, nipate kuelewa." Démarche ni kuonyesha, mustari kwa mustari, namna umefika ku jibu. Nikaandika. Nikaandika kwa furaha, nisiwadanganye, juu ile kaye ilikuwa shule yangu yote. Kila mwisho wa juma Gérard alikuwa anapandisha kurasa ine, tano. Jacob alikuwa anarudisha kaye na alama pale hajaelewa, na miye namuonyesha mara ya pili, mara ya tatu, na mifano ya shamba la papa na mistari ya mihogo. Polepole alama zikapunguka. Yaya yangu alikuwa anaelewa!

Aliniuliza kama anaweza kumuambia papa. Nilimukataza, niliogopa papa atasema ni kudanganya na atafunga ile njia. Jacob alinyamaza juu miye nilimuomba anyamaze. Muweke ile mu akili.

Mwisho wa mwaka alipata asilimia makumi sita na tatu. Baprof bakaketi mu conseil ya orientation, kikao cha kupangia banafunzi section, bakamuweka mu math-physique, section ya benye kichwa. Papa akapanda Butembo, akashuka na bulletin, karatasi ya point, mu mufuko wa koti, akaisoma kanisani siku ya yenga, point kwa point, na batu bakapiga makofi. Halafu akanigeukia na uso wa furaha, bila ubaya wowote.

"Unaona, Kavira? Nilisema mwalimu mukali atamuamusha yaya yako."

Nilikuwa nimeketi na sindano ingali imechomwa ku kola yangu. Roho yangu ilijifunga pale pale. Haikukuwa Jacob aliyesema yale maneno, najua, mais papa hakuwa na kaye ya kunitumia.

Mu mwezi wa kenda kaye ikarudi. Nilifanya mazoezi yote, nikaandika majibu peke yake. X ni ine. X ni saba. Chini hakuna kitu. Jacob akaandika: "Umesahau démarche." Juma iliyofuata: "Kavira, tafazali." Juma ya tatu: "Prof Josaphat wa math ameanza kuniita ku tableau." Nilisoma yale maneno, nilijua kitu gani kitamupata ku tableau, ku ubao mbele ya kalasi yote, na nikatuma majibu tena. Yote ilikuwa sawa, hakuna hata moja iliyokosea.

Kazi zake za nyumbani zilikuwa zinapata makumi mbili juu ya makumi mbili, interrogation zake, majaribio ya mu kalasi, zinapata mbili ao tatu. Mbele ya Noeli, Prof Josaphat akamuita, akamupa chaki, akamuambia afanye zoezi la kwanza upya. Jacob akaandika jibu, akabakia amesimama. Prof akauliza amefika pale namna gani. Akauliza ni nani anamufanyia. Jacob akasema ni mudogo wake aliye Beni. Prof ameniambia mara nyingi kwamba hakulisema kwa haya. Alisema yule anatupita siye bote mu hii kalasi.

Préfet, mukubwa wa shule, akamuita papa, na papa akapanda na miye mu camion ya Gérard. Bakaniweka mbele ya ile tableau. Sikusimama hata kupumua, niliandika mistari mupaka chini, na Prof Josaphat akaketi ku banc ya banafunzi kuniangalia. Bakanipa mitihani siku mbili. Préfet akasema nitaingia troisième math-physique, kalasi ile ya Jacob, mwezi wa kwanza, mambo ya coupe-couture ameyasamehe. Ku bulletin ya Jacob akaandika AOA, à orienter ailleurs, maana yake atafutiwe pahali pengine. Pahali pengine wapi, na vita kila upande? Ile hakuandika.

Kwa papa mudogo Esdras kitanda kilikuwa kingali kimoja. Jacob akafunga sakoshi yake. Aliniachia règle na compas zake za hesabu, akaniomba pardon kwa kunichokesha na kaye zake. Yeye njo aliniomba pardon. Nilimujibu haina neno.

Beni hakukuwa section ya kumupokea, akaanza kulima shamba la papa upande wa njia ya Mutwanga. Mu mwezi wa sita batu ya bunduki bakafunga njia, bakakamata bijana baliokuwa banatoka mashamba, bakababebesha mizigo kuelekea mulima. Kisha siku tano bamoja bakarudi. Mbusa, jirani yetu, alisema Jacob aliumia muguu, akashindwa kufuata, akaachwa nyuma na basoda bawili. Bote baliokuwa mbele bakasikia bunduki inalia mara moja tu. Mbusa hakugeuka, na hakuna mutu aliyemuuliza sababu.

Mwezi wa saba papa akapanda Butembo kwa proclamation ya shule, siku ya kutangaza point. Alikuwa amekonda mupaka koti inamulegea. Asubui kulikuwa ukungu na baridi, tukatembea pamoja kuelekea shule, na sikuweza tena kuficha.

"Papa, Jacob aliniomba démarche, nikamunyima. Nilijua ataanguka. Nilifanya kwa kusudi."

Papa akaniuliza démarche ni kitu gani. Nikamueleza pale njiani, mustari kwa mustari, yaya yangu alikuwa anaandika nini na miye nilikuwa namurudishia nini. Alisikiliza mupaka mwisho. Halafu akauliza kuandika ile kulikuwa kunaomba muda gani.

"Saa moja, papa."

"Ku siku?"

"Hapana. Ku juma."

Tukafika shule. Tukaingia mu salle, chumba kikubwa cha mikutano.

Kwetu, wakati préfet anaita majina, muzazi wa ule wa kwanza anasimama, anapita mbele na mutoto wake kupokea bulletin, na salle yote inapiga makofi. Préfet akaita troisième math-physique, wa kwanza, Kavira Vagheni, asilimia makumi munane na moja. Nikasimama. Makofi ikaanza. Papa alikuwa ku banc ya tatu na kofia yake juu ya magoti, ananiangalia sawasawa, mu macho. Préfet aliwaza papa hakusikia, akaita tena muzazi wa Kavira. Batu bakageuka kumutafuta.

Hakusimama. Nilipita peke yangu, nikapokea bulletin na mikono yote mbili, na makofi ikakatika mbele sijarudi ku banc. Préfet alingoja kidogo, akaangalia liste yake, akaita wa pili.