Msuko wa Mabibi wa Nje

Kwetu mlimani hukosi kuona mrihani dirishani siku ya Alhamisi. Wengine watakwambia wanaupanda kwa ajili ya mchuzi wa tambi. Waache waseme. Mchuzi hautaki kipande cha mkate na asali kuwekwa kando yake, wala sakafu ifagiliwe mara mbili, wala watu wa nyumba walale bila kugombana. Hayo yote ni ya Mabibi wa Nje, ambao si watu kama sisi. Alhamisi ndiyo siku yao ya kupita, warefu, wazuri, nywele nyeusi zinashuka mpaka visiginoni, mbele yao yuko Bibi Mkubwa wao. Nyumba wanayoipenda inapata heri. Nyumba iliyowaudhi, Mungu awasaidie waliomo. Hatuwataji hovyo. Tukilazimika, tunasema "wale waliobarikiwa" na kugusa chuma.

Mtoto wakimpenda, wanamsuka nywele.

Agatina, mjukuu wa Bi Nunzia, walimsuka hata meno hajaota. Kishungi kimoja nyuma ya sikio la kushoto, kigumu kama kamba ya katani, kitana hakipiti. Nunzia alipokiona alilia kwa furaha na kwa woga pamoja. Furaha, kwa sababu mtoto aliyesukwa na Mabibi ana watu wa kumlinda. Woga, kwa sababu msuko huo haukatwi. Ukiukata wanaona umewatukana. Wanamchukua mtoto waliyempenda, na kitandani wanakuachia kitu kilichofanana naye, jicho linakwenda upande.

Mama yake Agatina, Filippa, si wa kwetu. Alizaliwa mjini, kule bandarini, akaja kuolewa na Cosimo, mtoto wa Nunzia. Cosimo akaenda Ubelgiji kuchimba makaa, wakabaki wanawake wawili na yule mtoto. Na walipatana, nisiseme uongo. Filippa alimpenda mama mkwe wake, alimkanda miguu jioni. Walichogombania ni kile kishungi tu.

Mwaka huo, sikukuu ya Agosti, mpiga picha alikuwa anapanda kijijini, na Cosimo alikuwa ameomba picha ya binti yake ambaye hajawahi kumwona.

"Mama, apigwe picha na hili fundo la manyoya ya mbuzi kichwani?" Filippa akauliza.

"Kata ulimi wako kwanza, ndipo ukate hicho."

"Ni uchafu tu umesokotana. Kwetu tunaosha kwa siki, unaachia."

"Basi nenda ukaoshe kwenu," Nunzia akasema, na siku hiyo hiyo akauficha mkasi wa nyumba ndani ya pipa la unga.

Filippa akamchukua mtoto mpaka kwa kinyozi, Mzee Nofrio. Wanaume waliokuwa wakingoja zamu wakanyamaza kama kanisani.

"Karibu, Filippa," Nofrio akasema, wembe ukiwa hewani. "Wewe nitakunyoa hata ndevu ukitaka. Lakini mtoto simgusi."

Wakacheka. Filippa akawaka. "Mwanamume mzima unaogopa nywele?"

"Naogopa. Nyumbani nina watoto wanne, na wote macho yao yanatazama mbele. Nataka yaendelee kutazama mbele."

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wao akagusa ufunguo mfukoni.

Labda kicheko kile ndicho kilichomtia Filippa ukaidi. Alirudi nyumbani Nunzia akiwa kanisani. Zizini kulikuwa na mkasi wa kunyolea kondoo. Alimkalisha Agatina juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakata. Alisema baadaye kuwa msuko haukukatika kama nywele. Ulikatika kwa sauti, kama kijiti kibichi.

Picha ikapigwa mbele ya kanisa, mtoto amefungwa utepe mweupe. Nunzia alitoka kanisani, akauona utepe, akaona palipokuwa na kishungi.

"Umekiweka wapi?"

"Nimekitupa motoni, mama."

"Motoni." Nunzia akakaa chini kwenye ngazi ya kanisa, watu wakimpita. "Motoni, mwanangu?"

Asubuhi iliyofuata Agatina hakutaka maziwa. Mchana mwili ulikuwa moto kama mkate unaotoka tanurini. Jicho la kushoto likaanza kwenda upande wake lenyewe. Tena akaacha kumwita bibi yake. Agatina alikuwa na neno moja aliloliimba tangu anaamka mpaka analala, "Nanna, Nanna," hata majirani walimchoka. Sasa Nunzia akiinama juu ya kitanda, mtoto alimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

Daktari akaja, akasema ni homa, akaandika dawa ambayo duka letu halina. Filippa akajifunga kitambaa kichwani, akashuka mji wa chini kwa miguu kuitafuta. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa siku chache. Mlangoni aligeuka akasema, "Mama, usimwache peke yake."

"Nenda," Nunzia akasema.

Filippa alipopotea kwenye kona, Nunzia akamwita Bi Vennera, muuza mayai. Watu wanasema Vennera huenda na Mabibi, roho yake hutoka na mwili ukabaki kitandani. Mwenyewe hakatai wala hakubali. Aliingia, hakumtazama mtoto usoni. Aliinama akanusa nyuma ya sikio lake, pale palipokatwa, kisha akarudi nyuma.

"Nunzia, huyu si wenu."

Nunzia akashika ukingo wa kitanda. "Usiniambie hivyo."

"Umeniita nikuambie nini? Bei ya mayai?" Kisha sauti yake ikalainika. "Sikiliza, dada yangu. Bado hawajaenda mbali. Saa ya jua kali, wakati hakuna mtu shambani, hiyo nayo ni saa yao. Mtoe huyu, mlaze kwenye uwanja wa kupuria ngano nyuma ya nyumba, juu ya shuka safi. Mpe kivuli cha ukuta asiungue. Funga mlango kwa komeo. Atalia. Mwache. Halafu atanyamaza. Mwache. Wakati huo ndipo wanapobadilishana. Akianza kulia tena, huyo anayelia mara ya pili ndiye wenu. Hapo fungua."

"Na nikifungua kabla?"

"Utakuwa umewakatiza wakiwa na watoto wawili mikononi. Atakayebaki chini hata mimi sitakuambia ni yupi."

Akachukua kikapu chake akaenda, hakutaka hata maji.

Nunzia alifagia sakafu. Akachoma majani makavu yenye harufu, nyumba ikajaa moshi mtamu. Akatandika shuka ya harusi yake mwenyewe uwanjani, chini ya ukuta, akamlaza mtoto. Akamwomba msamaha, bila kujua anamwomba nani. Kisha akaingia ndani, akasukuma komeo.

Nje hakukuwa na upepo. Makapi ya ngano yaling'aa uwanja mzima, na nyenze walikuwa wakipiga kelele ile yao ya kuchanja masikio.

Mtoto akaanza kulia. Kilio cha mgonjwa, chembamba, cha kukwama. Nunzia akaweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Akasali sala ya Mama Maria, akaichanganya, akaanza upya, akaichanganya pale pale.

Halafu kilio kikakatika. Nyenze nao wakanyamaza, wote kwa mara moja.

Wakati huo huo mlango wa mbele ukafunguliwa. Filippa. Ana chupa ya dawa mkononi, vumbi mpaka magotini.

"Yuko wapi?"

Nunzia aligeuka, akaweka mgongo kwenye komeo. "Usikaribie. Niue ukitaka, lakini usikaribie huu mlango."

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje. Wanamrudisha. Ukifungua sasa, watabaki naye."

Filippa akafungua kinywa atukane, na ningekuwa mimi ningetukana. Lakini hapo wote wawili wakasikia sauti. Mwanamke alikuwa anaimba nje. Hakuimba kwa nguvu, aliimba kama anayebembeleza mtoto aliye mapajani mwake, wimbo usio na maneno, unaopanda na kushuka. Saa ile, kwenye jua lile, ambapo hata mbwa hatoki chini ya mkokoteni.

Chupa ikamponyoka Filippa. Haikuvunjika, ilibingirika hadi chini ya meza.

"Nani yule?" akanong'ona. "Mama, ni jirani, siyo? Sema ni jirani."

Sauti ilikuwa karibu mno, inatoka upande wa pili wa ubao ule ule alioegemea Nunzia. Filippa alimshika mkono.

"Nilikata mimi," akasema kuelekea mlangoni, kwa sauti ya mtoto mdogo. "Mabibi zangu wazuri, nilikata mimi. Yeye hakujua kitu."

Wimbo ukasita.

Walingoja kilio cha pili. Hakikuja. Wakangoja. Nunzia akafikiri juu ya jua, namna linavyozunguka, namna kivuli cha ukuta kinavyoliwa. Akafikiri juu ya mdomo ule mkavu. Vennera alikuwa amesema mwache. Lakini Vennera hakumlea yule, hakumtafunia mkate.

Akavuta komeo.

Uwanjani hakukuwa na mtu. Agatina alikuwa amekaa wima katikati ya shuka, yeye aliyekuwa hawezi hata kuinua shingo, uso umeelekea juu, kama anayemtazama mtu mrefu aliyesimama mbele yake. Macho yote mawili yalitazama sawa. Makapi yalizunguka shuka polepole, bila upepo, kisha yakalala.

Nunzia akamwinua. Homa haikuwepo. Nyuma ya sikio la kushoto, pale palipokatwa, nywele fupi zilizobaki zilikuwa zimeanza kusukwa upya. Mizunguko michache tu, iliyokaza, halafu msuko ukaachwa hapo hapo, kama kazi ya fundi aliyeitwa mlangoni.

"Ni wetu," Filippa akasema akilia. "Mama, ni wetu, tazama, amepoa."

"Niite," Nunzia akamwambia mtoto. "Niite, roho yangu. Mimi nani?"

Mtoto akamtazama. Hakusema kitu.

Vennera alipita jioni, akasimama kizingitini bila kuingia. "Ulifungua kabla."

"Nilifungua."

"Mtoe tena kesho. Mara hii vumilia. Labda watamalizia."

Nunzia akamtazama Filippa. Filippa alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa, lakini alijiona hana tena haki ya kusema. Kesho yake jua lilipokaa utosini, nyenze wakanyamaza tena. Agatina akaacha kuchezea kijiko, akageukia mlango wa nyuma. Ubao ukalia kidogo, kama mtu anapouegemea kwa bega.

Nunzia alipeleka kiti, akakiweka mbele ya mlango, akakikalia.

"Mabibi zetu," akasema, "mrihani mtapata, asali mtapata, Alhamisi nyumba itafagiliwa na mimi nikiwa hai, na huyu mke wa mwanangu nikifa. Mtoto hatoki. Kama ni wetu, ni wetu. Kama ni wenu, tumeshamzoea, na hapa atakula."

Ubao ukakaa hivyo hivyo, umebonyea. Halafu ule uzito ukaondoka, taratibu, na nyenze mmoja, kisha wote, wakaanza tena kelele.

Nunzia hakuthubutu kuinuka. Kwa hiyo Filippa ndiye aliyemwaga maziwa ya mbuzi kwenye bakuli, akamega mkate ndani yake, akampa mtoto. Agatina alikula mpaka akaramba bakuli. Akamnyooshea Nunzia bakuli tupu akitaka jingine, kimya, na bibi yake akanyoosha mkono akalipokea.