Mkanda Mdogo wa Kijani

Kitu cha kwanza alichokiona Kahonzi alipoingia darasani hakikuwa mashine wala wageni. Kilikuwa mkanda wa kupimia presha, mdogo, wa kijani, umelala juu ya dawati kama kipande kilichobaki baada ya kukata shati la mtoto. Kahonzi hushona sare za shule barazani kwao Muyeye, na jicho lake huanza na kitambaa kabla ya mtu.

Mkanda aliouzoea ulikuwa ule wa duka la dawa, mweusi, mpana. Mwaka jana uliuzunguka mkono wa binti yake, Kabibi, ukazunguka tena, na bado ukapwaya. "Presha ya mtoto huyu iko chini mno," alisema muuza dawa. "Asichoshwe."

Basi Kabibi hakuchoshwa. Bibi yake, mama mkwe wa Kahonzi, alikataza mbio, kuruka kamba, hata kuchota maji. Wenzake wakicheza, mtoto wa miaka minane aliketi kizingitini kama mgeni anayengojea chai. Kahonzi, ambaye hata kuku huwafukuza kwa kunong'ona, alitii. Yeye aliacha shule darasa la tano; angembishia nani?

Leo watoto wote wa shule walikuwa wakipimwa, wazima kwa wagonjwa. Nje, wavulana walilizunguka darasa mbio.

"Mimi napata mia mbili!" mmoja wao, Mangi, alipiga kelele. "Wewe utaambulia kumi, kama za hesabu!"

Muuguzi Nelly alitokea mlangoni, mikono kiunoni. "Nyie! Huu si mtihani, hakuna wa kwanza. Ingieni mkae, mpumue, mtulie."

Wakakaa. Kahonzi hakuwahi kuwaona watoto wametulia namna ile, migongo imeegemea viti, viganja vimefunguka juu ya meza kama vinavyongojea kuwekewa kitu.

Zamu ya Kabibi ilipofika, Nelly aliupima kwanza unene wa mkono kwa tepu, ndugu ya ile anayoivaa Kahonzi shingoni kila siku. Kisha akachagua mkanda wa kijani. Ulimkaa sawasawa. Mashine ikanguruma, ikatulia. Ikarudia, ikarudia tena.

"Mama Kabibi, mbona una wasiwasi?" Nelly aliuliza.

"Presha yake iko chini, sista," Kahonzi aliiambia sakafu. "Walimpima dukani. Kwa ule mkanda mkubwa."

Nelly hakucheka. "Mkanda ukipwaya, namba hushuka. Njoo uone."

Kwenye kompyuta kulikuwa na nukta nyingi, kama mchele uliomwagika mkekani.

"Kila nukta ni mtoto mmoja wa huku kwetu. Hawa wadogo, hawa wakubwa. Wanavyokua, presha nayo inapanda kidogo kidogo. Miaka yote tumewapima kwa kuwalinganisha na watoto wa mbali. Sasa tunataka kujua kawaida ya hawa wetu."

Kahonzi alisahau haya zake, akasogea karibu. Mikono yote hiyo! Ya Shella, ya Ganze, ya mashamba asikowahi kufika. Watoto wasiojuana, kila mmoja kaazima mkono wake kidogo ili mwingine ajulikane kama ni mzima.

"Na wangu?"

Nelly akaweka kidole. Nukta ya Kabibi ilikuwa katikati, imebanwa na wenzake kila upande, hata kuiona ilikuwa kazi.

"Huyu hana neno, mama. Mzima kama hao wengine."

Uani, Mangi na wenzake walikuwa wameshaanza kufukuzana. Bibi alisimama langoni, mkono ameunyoosha.

"Haya, mjukuu wangu. Polepole, usije ukaanguka."

Kabibi hakwenda. Alimtazama mama yake, kama alivyomtazama mwaka mzima, ndara mkononi tayari. Kahonzi alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na chini ya kidole gumba aliuhisi mshipa wa mwanawe ukigonga, ukigonga. Akaufungua mkono wake, akamwachia.

"Kimbia," alisema, na sauti yake ikafika mpaka langoni. "Kimbia, mwanangu!"