Kesi ya Betri ya Mzee Shekue

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na nilipoingia ndotoni nikakuta ugomvi umeshaanza, tena mgomvi mmojawapo ni mimi.

"Chaja yako ni mchawi!" Mzee Shekue ananiambia, kidole chake kinakaribia kunigusa pua. "Nachomeka, hata sijakaa, taa kijani! Eti imejaa! Nafika mlangoni kwangu, navuta mara mbili, betri imekufa!"

"Na chaja ya fundi redio? Mbona ile huisemi?"

"Ile inawaka nyekundu kutwa kucha, na haijai. Lakini angalau inasema kweli kwamba imeshindwa. Yako inanichekea usoni huku inaninyima."

"Baba, chaja yangu inajaza simu za mtaa mzima. Labda hicho kidude chako hakipendi watu wa pwani. Kirudishe kwenu Lushoto, milimani, kikapate baridi."

"Usinitanie, Mama Tunu. Leo sitaniwi."

Hayo yote hayakuwa ya ndotoni. Tuliyasema kweli jana mchana, uani, mtaa wetu wote wa Mikanjuni ukisikia. Mzee Shekue ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane, fundi cherehani aliyestaafu. Daktari alimwambia aache moshi wote. Yeye akasikia nusu. Sigara za pakiti akaziacha, akashika hii ya umeme aliyoletewa na mpwa wake. Chaja iliyokuja nayo akaipoteza, na tangu hapo anazunguka na betri yake kama mtu anayemtembeza mtoto mgonjwa, akiomba umeme kwa huyu na kwa yule.

Na jana alimaliza hivi: "Kuanzia leo, mimi na wewe basi. Hata chumvi tusiombane."

Huku kwetu majirani wanaweza kutukanana asubuhi na jioni wakaazimana ungo. Lakini ukishataja chumvi, umefunga mlango na ufunguo umeutupa chooni. Na mimi ni mtu wa watu. Nyumba yangu ikiwa kimya nahisi kuna msiba mahali na sijaambiwa. Nililala na ile "basi" imenikaa kifuani kama tonge la ugali lisilotafunwa.

Ndotoni akaisema tena. "Basi!" Ukuta ulio kati yetu ukajikunja juu kama pazia, na sote wawili tukawa ndani yake.

Ndani ya ukuta ni pakubwa kuliko nilivyodhani. Kuna mikeka, kuna mtungi wa maji, kuna kuku anapita. Mbele amekaa Soketi. Nyinyi mnamjua wa ukutani, tundu moja juu na mawili chini. Kumbe lile la juu ndilo mdomo, na macho yako chini yake. Ukimsalimia hujui utazame wapi.

"Mimi ndiye balozi wa nyumba kumi wa ukuta huu," anasema. "Mlalamikaji yupi?"

"Mimi," anasema Mzee Shekue, kofia mkononi.

"Mlalamikiwa?"

"Chaja ya huyu mama."

Chaja wangu yuko pale mkekani, mweupe, mnene, waya wake ameukunja chini kama mtu aliyekunja miguu. Pembeni yake amekaa chaja wa fundi redio, mwembamba, amefungwa utepe mweusi shingoni. Betri mwenyewe, mgonjwa wetu, amelazwa katikati kwenye kitanda cha kamba. Ni mdogo kama kidole. Amejifunika leso.

"Kwanza kanuni," anasema Soketi. "Betri haichaji peke yake bila mtu wa kuiangalia. Watu wake wako wapi?"

Hapo hapo mlango unafunguka na mtaa mzima unaingia. Wanakuja na mito, na vikapu, na chupa za chai. Wanamwinamia Betri mmoja mmoja: "Usiku umelalaje?" "Unaonekana una nafuu." Mmoja amemletea machungwa. Kusema kweli nikawa na raha, kesi au si kesi. Mahali pamejaa watu.

Aliyekaa ubavuni kwangu ni mwanamke nisiyemjua, amejitanda kanga mpya. Ananisogelea sikioni.

"Shoga, huyo chaja mwembamba unamjua historia yake?"

"Simjui."

"Aliwahi kuishi na tochi."

"Usiniambie!"

"Tochi kubwa, la kuwindia. Wakakaa, wakakaa, siku moja lile tochi..."

Umeme ukakatika.

Giza. Hakuna anayepumua. Soketi ametulia mdomo wazi, kuku ameinua mguu mmoja na hakuushusha. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba tumesimama. Nikangoja. Nilikuwa na hamu kubwa sana ya kujua habari za lile tochi.

Umeme ukarudi.

"...likaungua," akamalizia yule mwanamke. Kuku akashusha mguu.

Soketi akamgeukia Betri. "Mtoto, sema. Kwa chaja huyu mnene unajaa mara moja, kisha unazimia njiani. Kwa huyu mwembamba hujai kabisa. Yupi anakutesa?"

Betri akajaribu kuinuka kwa heshima. "Shikamoo, balozi. Hakuna anayenitesa. Wote wananikaribisha vizuri."

"Mbona sauti haitoki?"

"Shingo, balozi. Babu ananikaza."

Watu wote wakamtazama Mzee Shekue.

"Nakaza ili asidondoke!" akasema. "Mimi ni fundi cherehani. Kishikizo kisipokazwa kinaanguka."

"Huyu si kishikizo," akasema Soketi. "Mfunueni."

Wakaondoa leso. Katikati ya Betri, pale juu anaposhikana na chaja, kuna kitovu kidogo cha shaba. Kimezama ndani kabisa kwa kukazwa. Na kukizunguka kuna utando wa ile dawa ya maji anayoivuta kwenye sigara yake, tamu, inanata, kama asali iliyomwagika mezani.

"Aaah," ukumbi mzima ukasema, kama watu waliooneshwa mimba.

"Kitovu kikizama chakula hakifiki," akasema Soketi. "Sasa chaja, jielezeni. Mwembamba, anza."

Chaja wa fundi akakohoa. "Balozi, mimi nina ulimi mrefu. Namfikia. Nambembeleza, kula mwanangu, kula. Lakini kwangu chungu ni kidogo. Namlisha kijiko kimoja kimoja, usiku kucha. Hashibi, wala halali njaa."

"Na wewe, mnene?"

Chaja wangu akatabasamu. Tabasamu lenyewe nikalijua, ni langu. "Mimi kwangu chungu hakipungui. Nimemwambia, karibu. Akasema, nimeshiba. Nikawasha kijani. Kosa langu liko wapi?"

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja. Mgeni akisema ameshiba nimfanyeje, nimkabe?"

"Ulimgusa?"

Chaja wangu akaangalia kuku. "Ulimi wangu mfupi. Nilisemea kwa mbali."

Mimi nikainuka kumtetea. "Mheshimiwa, chaja wangu ni mkarimu, uliza mtu yeyote! Tatizo ni betri."

"Tatizo ni chaja!" akasema Mzee Shekue.

Soketi akapiga swichi yake, *ta*. "Kuna kanuni ya kutafuta ubovu. Badilisha kimoja, vingine viache vilivyo. Tumeshabadilisha chaja, bado hatujaelewana. Sasa tutabadilisha wenye mali."

Sikupata hata nafasi ya kuuliza. Nikawa Mzee Shekue.

Sikushangaa. Nilichoona kwanza ni kwamba magoti yanauma, na kwamba kofia inabana. Niko uani, jua la mchana, siku fulani ya nyuma kabla ya ugomvi. Nimekaa kwangu tangu asubuhi na jiko halijawashwa, kwa sababu tangu mke wangu afe nikipika natia maji ya watu wawili, halafu nakasirika na sufuria. Najua mambo hayo yote kama ninavyojua jina langu, ambalo sasa ni Shekue.

Harufu ya wali wa nazi inatoka kwa jirani. Nachukua betri yangu mfukoni na kwenda kuomba chaja. Betri ina chaji ya kutosha. Naenda tu.

Mlangoni nakutana na mimi. Mama Tunu amesimama pale na kanga yake kiunoni, mwiko mkononi, nyuma yake watu wamejaa sebuleni wanacheka.

"Aa, Mzee Shekue! Karibu! Karibu tule!"

Tumbo langu linasema ndiyo. Lakini mimi ni mtu niliyelelewa. Mtu mzima hakimbilii sahani ya watu kwa karibu ya kwanza.

"Ahsante, Mama Tunu. Nimeshiba."

Nangoja ya pili.

"Haya, chaja ile pale, chomeka," anasema Mama Tunu, na ameshageuka. "Enhe, kwa hiyo bibi harusi akasemaje?"

Ya pili haiji. Nachomeka betri. Nasimama karibu na ukuta. Wanakula. Taa inawaka kijani mara moja, na sasa sina sababu ya kuendelea kusimama. "Imejaa," nasema. Hakuna aliyesikia. Natoka. Njiani kurudi kwangu, ambako ni hatua chache tu, nikaanza kuichukia ile chaja.

*Ta*, ikalia swichi. Nikawa mimi tena, ndani ya ukuta, na mtaa mzima unanitazama. Mzee Shekue naye amerudi mwilini mwake. Ameshika kiuno, anashangaa.

"Mama Tunu," ananiambia polepole, "kumbe wewe unaumwa mgongo namna hii?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani," nikasema.

"Hukusema."

"Nani alinyamaza hata nikapata nafasi ya kusema?"

Akacheka kidogo, kisha akakumbuka tuna kesi, akaacha.

"Baraza limeona," akasema Soketi. "Sitoi hukumu. Umeme wenyewe sina uhakika nao. Mlisheni mtoto."

Mzee Shekue akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, pale anapoziweka siku zote. Akamlaza Betri kiganjani, akamfuta shingo kwa ncha ya kanga yangu mpaka ule utando ukaisha. Kisha akakiinua kile kitovu, taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtu anayempenda. Betri hakulia. Alisema tu, "Ahsante, babu. Hapo hapo."

Akamkalisha juu ya chaja wangu. Hakumkaza. Alimzungusha mpaka akagusa, akaacha.

Mimi nikapewa sufuria. Sijui lilitoka wapi, lakini mkono wake ulioungua moto niliutambua, ni sufuria langu. Ndani kuna wali wa nazi.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Kula."

"Nimeshiba, bibi."

Watu wote wakainua shingo. Hata yule wa habari za tochi. Nikamsogelea, nikakaa chini kabisa, goti kwa goti, kama unavyokaa na mgeni usiyetaka aondoke.

"Sijakuuliza kama umeshiba. Umetoka mbali, jua kali. Fungua mdomo."

Taa ikasitasita. Kijani. Kijani. Halafu nyekundu, pole pole, nyekundu ya mtu aliyeona aibu kwa kuwa alikuwa na njaa siku zote.

Akala. Ee, alikula mtoto yule! Nachota, nasukumia, nachota, nasukumia. Chaja wangu naye jasho linamtoka, anasema, "Mwongeze, mwongeze." Wanawake wakapiga vigelegele. Chaja mwembamba akafuta machozi kwa utepe wake. Betri akacheua, akasema samahani, na taa ikawaka kijani ya kweli, kijani ya mgomba baada ya mvua.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nyumba kimya, wanangu wamekwenda kazini. Nikakaa kitandani nikijicheka, mtu mzima kama mimi kushtakiwa na betri. Nikaenda sebuleni kuchomoa simu.

Chaja ilikuwa ukutani, kama siku zote. Lakini kwenye tundu lake kulikuwa na kitu cheupe. Nikakitoa kwa ukucha. Ni punje moja ya wali. Laini. Inanukia nazi, na ilikuwa bado ya moto.

Jana mimi nilipika ugali.

Nikaigeuza ile punje kiganjani, kisha, kwa kuwa sijui mtu hufanya nini na kitu kama hicho, nikaila. Chumvi yake ilikuwa sawasawa.

Nikapika chai na muhogo, ndipo nikatoka uani. Chai ilikuwa mezani tayari, na muhogo wa nazi nimeufunika. Mzee Shekue alikuwa mbele ya mlango wake, amenipa mgongo, anafagia pahali palipokwisha kufagiwa. Jiko lake halikuwa na hata jivu la leo.

"Mzee Shekue! Shikamoo. Karibu chai."

Hakugeuka. Ufagio ukaenda, ukarudi. Kama alikuwa ananuna, alinuna kwa adabu.

"Marahaba. Nimeshakunywa, Mama Tunu."

Nikavuka ua. Nikamshika mkono wa shati, pale juu ya kiwiko, na ufagio nikamwondolea.

"Sijakuuliza kama umekunywa. Chukua hiyo betri yako, chukua na sindano, twende. Muhogo unapoa. Hapana, si hapo mlangoni, baba. Pita ndani. Kaa huku, karibu na sufuria."