Wavumi Warudi, Wasirudi?

Mwandishi alisimama kikaoni akatetea kaburi. Alilitetea kwa ufasaha ambao hata yeye ulimshangaza, maana kaburi lenyewe alilichimba kwa mikono yake.

Wavumi walikuwa jamii ya kubuni katika mchezo wa kompyuta wa kampuni yao: watu wafupi, wenye masikio mapana, wakaao chini ya mlima. Katika mchezo wa kwanza walipendwa ajabu. Katika wa pili mlima ukawaangukia, wakaisha wote. Sasa wa tatu ulikuwa unatengenezwa, na wachezaji walikuwa wamekuja juu wakidai warudishwe.

"Kifo kina heshima yake," mwandishi alisema. "Tukiwafufua, waliowalilia watajiona wajinga." Akaingiza sanaa, akaingiza ukweli wa maisha, akatia chumvi hadi mwenyewe akasikia kiu.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Watarudi. Na sauti ziwe zile zile."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Sauti za Wavumi wote, wakubwa kwa wadogo, zilikuwa za mama yake mzazi. Wakati wa mchezo wa kwanza kampuni haikuwa na waigizaji, basi alimkalisha mama ndani ya kabati la nguo, kusiwe na mwangwi, akamwekea kinasa sauti. Tatizo ni kwamba mama hakusoma hata sentensi moja kama ilivyoandikwa. "Mtu haongei hivi, mwanangu," angesema, kisha anasema lake. Na lake, jamani, lilikuwa bora. Wachezaji waliyashika maneno ya mama. Ya mwandishi hakuna aliyeyakumbuka. Mtu mzima na ndevu zake akamwonea mama yake wivu. Badala ya kusema, akaangusha mlima. Kisha akamwambia mama kwamba mchezo umekwisha, na tangu hapo akawa haendi kwake, asije akaulizwa. Huyo ndiye aliyekuwa akihubiri heshima ya kifo.

Njia ya mwongo fupi, na yake ilimfikisha Jumamosi mlangoni kwa mama, kinasa sauti mkononi na uongo mpya kichwani. Mama alikuwa akikunja nguo.

"Mama, ule mchezo..."

"Ule mlimonifukia?"

Mwandishi akakishusha kinasa.

"Dada yako anao. Nilikaa naye nikajiona nikifa. Nimekufa vizuri, ila vumbi lilizidi." Akakunja shuka. "Kama ulinichoka ungesema tu. Mlima mzima wa nini?"

Uongo wote ukamkauka mdomoni. "Sikukuchoka, mama. Ulinizidi. Nikaona wivu."

Mama akacheka mpaka akaketi kitandani. "Wivu, na mimi? Haya, lete hicho kinasa."

Akasukuma makoti, akaingia kabatini mwenyewe. Mwandishi akampa karatasi yenye mstari aliousumbukia wiki nzima: "Tumefufuka kutoka gizani, enyi wana wa nuru."

Mama aliusoma kimya. Akaikunja karatasi kama alivyokunja nguo, akaiweka pembeni, akasogelea kinasa.

"Hatukwenda popote," alisema. "Tulikuwa hapa hapa. Ninyi ndio mlioacha kuja."

Mwandishi hakumwomba arudie. Alikaa sakafuni, mlangoni pa kabati, akakiacha kinasa kiendelee.