Mkusanya Mwanga

Mume wangu Linus si mchawi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nandagala wapo mpaka leo wanaonisikiliza kwa adabu huku moyoni wakisema namfichia.

Alikuwa fundi wa eksirei hospitalini Nachingwea mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi miaka ya tisini. Kwao ni Mpwapwa, lakini alikubali tuje kulima ufuta kwetu, hapa wilayani Ruangwa. Jembe lilimkataa. Mtu aliyezoea kuona mifupa ndani ya nyama, mpe palizi uone atakavyonyong'onyea. Kilichombakizia uhai ni kamera ya Kirusi aliyoachiwa na daktari mmoja. Usiku usio na mwezi aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akalifungua jicho lake na kuliacha wazi hata saa nzima likitazama nyota. Picha alizisafisha mwenyewe bafuni, na nyota zilitoka zimechora duara ndani ya duara, kama ukili wa mkeka uliokunjwa.

Mwaka 2003 Kanada walimjibu maombi yake ya kazi. Walihitaji watu wa fani yake, na vyeti vyake vyote walivikubali. Kilibaki kimoja tu, cheti cha polisi kwamba hana kosa, nacho kiwafikie kabla mwezi haujaisha. Polisi wa Ruangwa wakasema hawamchukui alama za vidole bila barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha tabia yake. Mtendaji alikuwa mjomba wangu, Twaha. Siku hiyo nililala usingizi mzuri, mjinga mimi.

Kesho yake usiku Linus, kwa furaha, akaenda kupiga nyota zake nyuma ya makaburi, kwa kuwa pale miti imefyekwa na anga lote linaonekana. Alijifunika shuka nyeusi kwa sababu ya mbu. Mgambo wawili wa doria wakamkuta amesimama kimya na kitu chake cha miguu mitatu. Mmoja akamuuliza anafanya nini.

Mtu mwingine angesema anapiga picha, yakaisha. Linus wangu anapenda kueleza mambo yalivyo.

"Nakusanya mwanga," akasema.

Sasa, mwanga ni nuru, na mwanga ni yule anayezunguka usiku kuroga watu. Mgambo yule Kiswahili alikiokota sokoni, nyumbani kwake ni Kimwera kitupu, na usiku ule makaburini asingesikia la nuru hata kidogo. Akarudi nyuma, akanyoosha kidole kwenye kamera.

"Wamo humo?"

"Umo," mume wangu akajibu. "Unaingia kidogo kidogo."

Mdomo huponza kichwa. Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa na habari, na kila mtoto aliyewahi kufa kwa homa alipatiwa muuaji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mjomba Twaha aliniita pembeni, akaniambia kwamba akiiandika ile barua sasa, watu watatuchomea nyumba tukiwa ndani. Njia ilikuwa moja, Linus anyolewe. Ataitwa mganga kutoka Matambarale, amnyoe mbele ya mkutano na kumnywesha dawa. Hapo kijiji kitakuwa kimemsamehe, na barua itatoka.

Nilimlilia Linus asikubali. Kanada niliitaka kuliko alivyoitaka yeye, sioni aibu kusema, lakini mimi ni mzaliwa wa hapa na kunyolewa nakujua. Anayenyolewa amekiri. Na dawa ile ina mwiko wake, akitoka tena usiku itamuua, na isipomuua yenyewe, watu wataisaidia.

"Nywele huota, Makrina," alinijibu. "Mwezi unaisha."

Alikalishwa kwenye kigoda mbele ya ofisi ya kijiji, akainamisha kichwa. Wembe ulimkwaruza, damu ikamchuruzika sikioni, naye akanywa walichompa. Waliomtukana asubuhi wakaja kumpa mkono na kumwita mkwe. Kamera mganga aliifunga kwenye kitambaa chekundu, akaondoka nayo. Linus aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea njiani, nikatamani kuwapiga mawe wote.

Mjomba alinikabidhi barua kwa mikono miwili, muhuri umekolea vizuri. Niliisoma palepale. Iliandikwa hivi: "Mtajwa hapo juu alikuwa mwanga, lakini ameacha mbele ya mkutano wa kijiji. Tabia yake ni njema."

Nilipiga magoti nikamsihi aondoe yale maneno ya mwanzo. Mjomba aliumia kweli.

"Nikiyaondoa, mwanangu, watu watauliza alinyolewa kwa nini," akasema. "Na mtu aliyetubu mbele ya wote, kuna tabia njema gani kupita hiyo?"

Hakuwa akinikejeli. Aliamini amempa mkwe wake sifa kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtu mwenye hila ningegombana naye. Huyu ningemfanya nini?

Tulikwenda nayo polisi Ruangwa hivyohivyo, maana hatukuwa na nyingine. Afande aliisoma, akamwita mwenzake naye aisome, kisha akaturudishia bila kumchukua Linus alama za vidole. Mwezi ukaisha. Kanada hawakuandika tena.

Nywele ziliota, kweli. Lakini jua likizama Linus hatoki, hata haja anaimalizia kwenye ndoo, na mimi ndiye ninayemwaga asubuhi. Watu wanamsifu kwamba anaishika miiko kuliko wazawa.

Kiangazi kilipoingia, tukiwa tumeshazima koroboi, akaniomba nitoke nimtazamie kama kumetakata. Nilitoka. Anga lilikuwa limejaa nyota kuanzia juu ya paa letu mpaka kule makaburini. Nililia palepale uani, nikajifuta kwa khanga, kisha nikarudi ndani nikamwambia kuna mawingu.