Kura Hapa

Kibao cha Mzee Ndambiri kimesimama pale njia ya kupanda mlima wa Kirimiri inapoacha mashamba ya kahawa na kuingia msituni. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KURA HAPA. KURARA HAPA.

Alikiandika mwenyewe, jinsi anavyosema. Kwetu Embu L na R ni kama ndugu; mmoja akitoka, mwingine anakalia kiti chake. Mzee alitaka watu wakishuka mlimani wale chakula chake, na wakichoka walale kwenye mahema yake. Lakini wapanda mlima wa kwanza waliosoma kile kibao walicheka mpaka wakakaa chini kwenye nyasi. Wakamuuliza, "Mzee, na hapa tunampigia nani?"

Hakukifuta. Alienda jikoni akaleta nyungu kubwa, kibuyu cha njahi, yale maharagwe yetu meusi, na mkebe wa mahindi. "Pigieni chakula," akawaambia. Tangu siku hiyo kila anayekula pale hupiga kura. Aliyefurahia chakula hutia njahi kwenye nyungu. Ambaye hakufurahia hutia mahindi. Kama una mengi ya kusema, unatia konzi nzima.

Mimi nilifika pale Jumatatu moja mwisho wa Mei, na kikapu kimoja na sweta. Mke wa kaka yangu, Nelius, alikuwa amenipa wiki moja. "Kagure," alisema, "usipopata kazi, Jumatatu ijayo unaenda Siakago kwa mjomba. Anatafuta mtu wa kufukuza ndege kwenye mtama."

Kufukuza ndege ni kupiga kelele kutoka asubuhi hadi jioni. Na mimi hata kuku wa nyumbani nikiwaita hawageuki. Niliona wazi jinsi ndege wa Siakago wangekula shamba lote huku wakiniangalia kwa huruma.

Nilimkuta Mzee Ndambiri anatoka machozi kwa moshi. Mkewe, Mama Cicily, alikuwa Meru kwa binti yao aliyejifungua mapacha, na Mzee alikuwa akipika peke yake.

"Unajua kupika?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Mimi sijui. Wiki jana nilipata konzi tatu za njahi, na mbili nilijipigia mwenyewe." Akajipangusa macho kwa kofia. "Sasa sikiliza, msichana wangu. Mimi siwezi kumwambia mtu hapana usoni. Hata aliyekuja kuniibia ndizi nilimpa chai. Kwa hivyo kura itaamua. Pika mpaka Jumamosi. Jioni tutamwaga nyungu kwenye ungo. Njahi zikizidi, kazi ni yako. Mahindi yakizidi, nakupa parachichi za kubeba, unarudi kwenu Karurumo."

Nikaitikia tena kwa kichwa, nikavaa leso ya Mama Cicily, nikaanza.

Sijawahi kuona mkahawa kama ule. Meza zote ni milango ya zamani iliyolazwa juu ya magogo. Mmoja bado una kufuli, na mgeni anayekaa hapo lazima azungushe sahani yake kando ya kufuli. Vikombe vinaning'inia kwenye matawi ya mti, kila mtu anachuma chake. Mlango wa choo ni ubao wa shule wenye hesabu za kugawanya, na watu wengine hukaa humo muda mrefu kwa sababu wanataka kupata jibu. Mahema ni matano, na kuku hulala ndani kama hakuna mgeni. Mgeni akija, Mzee anawaambia kuku, "Haya, mmelipiwa na nani?"

Nilipika mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, nduma za kuchemsha, na uji wa wimbi uliochacha vizuri. Sahani nilizipitisha dirishani ili nisionane na watu. Mzee alizipokea na kuzipeleka, akisema kwa kila mgeni, "Kura, kura, usiogope." Mimi nilikaa nyuma ya dirisha nikisikiliza kura zikianguka kwenye nyungu. Nilijaribu kutofautisha sauti ya njahi na sauti ya hindi. Nilishindwa. Kufikia Ijumaa nyungu ilikuwa imejaa, na sikujua imejaa nini. Kuchungulia kulikatazwa.

Jumamosi asubuhi Mzee alishuka Karurumo kununua unga na sukari. Akaenda na ufunguo wa stoo mfukoni. Saa tano mvua ikaanza, mvua ya kweli, ile inayoufanya msitu uwe mweusi. Na katikati ya mvua hiyo wakatokea wanafunzi kumi na wawili wa chuo kikuu kutoka Nchiru, wamelowa hadi soksi.

"Tuliongea na Mzee kwa simu," alisema msichana aliyekuwa mbele. Jina lake Makandi, ndiye aliyewaongoza. "Tutalala hapa hadi Jumatatu. Alisema tukifika tutakuta chakula."

Mzee hakuwa ameniambia chochote. Niligeuka kuangalia kufuli la stoo.

"Ameshtuka," alisema kijana mmoja mrefu anayeitwa Koome. "Siz, sisi si wezi. Sisi ni njaa tu."

Niliwapa chai yote iliyokuwepo na ndizi tano. Ndizi hizo ziliisha kabla sijageuka. Nilijaribu mlango wa stoo kwa bega. Nilichungulia njia: kijito cha kuvukia kwenda Karurumo kilikuwa kimejaa, maji ya rangi ya kahawa yamepita juu ya mawe ya kuvukia. Mzee hangerudi hadi maji yapungue. Makandi alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Kijana mmoja alikuwa amelaza kichwa juu ya mlango wenye kufuli.

Jikoni palikuwa na chumvi, vitunguu viwili, mafuta kidogo. Na nyungu.

Niliiangalia nyungu kwa muda. Njahi na mahindi. Mtoto yeyote wa Embu anajua hivyo viwili vikikaa pamoja vinaitwa nini. Ni githeri ambayo haijapikwa. Lakini ilikuwa pia ni wiki yangu nzima. Nikiipika, jioni sitakuwa na kitu cha kumwonyesha Mzee, na njia ya Siakago iko wazi.

Koome akaimba kutoka nje, sauti imechoka, "Siiiz, tumekufa sisi."

Nikamwaga kura kwenye karai bila kuangalia rangi. Nikaziosha mara tatu, maana zilikuwa zimeshikwa na mikono mingi. Nilitoa humo kifungo kimoja cha shati. Sijui aliyekipiga alitaka kusema nini.

Njahi haziharakishwi. Nilichochea moto kwa saa tatu nzima. Wanafunzi waliingia jikoni mmoja mmoja kukausha soksi, na kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kuongea, sikuwaogopa. Nilipokaanga vitunguu na kuvimwagia juu, harufu iliwainua wote. Walikula wamesimama. Koome alikuwa akichagua njahi kwenye sahani ya rafiki yake, na rafiki akampiga mkononi kwa kijiko.

"Manze, hii ni githeri ama ni sherehe?" akasema Koome.

Mzee alifika saa kumi, suruali imekunjwa hadi magotini. Akasalimia watu wote kwa mkono, akaomba msamaha kwa kusahau, kisha akachukua ungo.

"Haya, Kagure. Leta nyungu tuone."

Niliendelea kupangusa mwiko.

"Nyungu iko wapi?"

"Iko. Lakini kura zimeliwa," nikasema.

"Zimekurwa? Nani amekura kura?"

Wanafunzi kumi na wawili wakaangalia sahani zao. Makandi ndiye aliyeelewa kwanza, akafunika mdomo. Mzee alipowaeleza mapatano yetu, na jinsi upishi ulivyomshinda yeye mwenyewe, wote wakaanza kupiga kelele kwamba wananipigia mimi, mikono yote juu.

"Nyinyi nyamazeni," Mzee akasema. "Mmekura kura za watu sitini. Mtu hawezi kukura kura ya mwenzake halafu apige yake."

Akaingia jikoni, akakwangua sufuria. Ilitoka githeri ya vijiko vitatu, akaitia kwenye sahani. Akakaa, akaanza kuitenganisha kwa kijiko, njahi upande huu, mahindi upande ule, akihesabu kwa Kiembu kwa sauti ya chini. Alipomaliza hakuniangalia mimi. Aliiangalia sahani.

"Njahi kumi na nne," akasema pole pole. "Mahindi ishirini na mawili. Kagure, msichana wangu, mahindi yamezidi."

Akilini nilimwona Nelius, nikaona mtama.

"Hayo ni mabaki, Mzee," nikasema.

"Unasema?"

"Nasema hayo ni mabaki. Mwenye njaa huanza na njahi. Huyu hapa," nikamwonyesha Koome kwa mwiko, "alikuwa anaiba njahi kwenye sahani ya mwenzake, nilimwona. Mahindi yanabaki chini siku zote, kwenye kila sufuria, kwenye kila nyumba. Huwezi kusema watu walichagua nini kwa kuhesabu kile walichokiacha. Na mtu akichukia chakula harudi kuongezwa. Wiki hii wamerudi. Wewe mwenyewe uliongezwa mukimo Jumatano mara tatu, na hukupiga hata kura moja."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Yalitoka tu, moja likivuta lingine, na yalipoisha nilisikia mvua ikidondoka kutoka kwenye majani.

Mzee alichukua kijiko. Akachanganya tena njahi na mahindi, akala. Akala zote, taratibu, hadi sahani ikabaki nyeupe.

"Mara nne," akasema. "Jumatano niliongezwa mara nne. Hayo maneno yote ulikuwa umeyaweka wapi?"

"Nilikuwa napika, Mzee."

Wanafunzi walipiga makofi mpaka kuku wakatoka kwenye mahema. Mzee akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani mbele yangu.

"Kesho tunawapikia nini hawa?"

"Kesho ni Jumapili," nikamwambia. "Asubuhi naenda kanisani, halafu nyumbani kumwambia Nelius atafute mtu mwingine wa ndege. Nitarudi jioni. Kesho utapika wewe."

Wanafunzi waliacha kupiga makofi. Makandi akaenda hadi ukingoni kuangalia kama maji ya kijito yamepungua vya kutosha wao kuvuka waende zao.