Saa ya Kituo cha Ntobeye

Mwalimu Rogasian hajawahi kuniamkia. Nimemzidi miaka sita na watu wa Ngara wanajua, lakini tunapokutana husema "Habari za kwako" kama anayezungumza na muuza karanga. Hata Jumamosi ile, nilipoingia darasani na kinasa video changu nimekifunga kwenye kitambaa, alinitazama kuanzia viatu kisha akasema, "Kumbe umekuja."

"Niliitwa," nikasema.

Chama chetu cha kutazama nyota kina watu wanane. Mwenyekiti ni yeye, kwa kuwa alifundisha fizikia sekondari miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa mlinzi, baadaye karani wa geti, kule Rusumo mpakani. Kusoma nilijifunza ukubwani, shule ya usiku, na mtihani wa kidato cha nne niliufaulu nikiwa na miaka arobaini na miwili, nimekaa chumba kimoja na watoto wa rika la wanangu. Siku ile tulikuwa tunagombania kitu kimoja: jina langu liingie kwenye ripoti, au lisiingie.

Wiki moja nyuma, mwezi wa siku tano ulikuwa umepita mbele ya nyota fulani, na kwa sisi wa Ngara nyota hiyo ilipita ukingoni kabisa mwa mwezi, ikikwaruza vilele vya milima yake. Mlima ukiikinga, nyota inazimika. Ikifika bondeni, inawaka tena. Ukinasa kwenye video kila kuzimika na kila kuwaka, pamoja na saa yake hadi sekunde, kuna wataalamu ng'ambo wanaokusanya vipimo hivyo ili wachore umbo la milima hiyo. Kituo kimoja huwapa mstari mmoja. Viwili vikiwa mahali tofauti, mlima unaanza kuwa na sura.

Mwalimu aliweka darubini yake Rusumo, nyumbani kwa shemeji yake, karibu na daraja. Mimi niliweka yangu kwangu Ntobeye, nyuma ya zizi, mahali ambapo migomba haizibi magharibi. Wenzetu waliopangiwa Mabawe na mjini walizibwa na mawingu.

Kinasa chenyewe nilikinunua kwa Wiston, mpiga picha za harusi wa Biharamulo, alipopata kikubwa zaidi. Kinaenea kiganjani, kina kioo kidogo, na kinaandika saa chini ya picha. Nilikiunganisha na kamera ndogo ya ulinzi niliyoifunga kwenye darubini, umeme nikautoa kwenye betri ya pikipiki. Taarifa ya habari ya saa mbili ilipokaribia redioni, nilisubiri mlio wa mwisho, nikabonyeza, sekunde zikaanzia sifuri.

Nyota ilizimika mara nne na kuwaka mara nne. Mke wangu Zita, aliyekuwa ameshika redio na akiangalia kwenye kile kioo, alisema, "Kama mtu mwenye tochi anapita nyuma ya uzio." Nilikuwa naogopa hata kupumua karibu na darubini.

Sasa mwalimu alikiunganisha kinasa changu na televisheni ya darasa. Ikatokea pembe ya mwezi inayong'aa, na kando yake nyota, ndogo kama tundu la sindano. Chini yake tarakimu: 02:41:07. Akaisimamisha picha hapo.

"Someni hiyo saa," akawaambia wenzetu, mgongo amenipa mimi.

Frednand, mwenye duka la vipuri, akasoma. "Saa nane usiku na dakika arobaini na moja."

"Na mwezi ulizama saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, mwalimu."

"Basi Mzee Emilian amepiga picha mwezi uliokuwa chini ya miguu yetu. Labda alichimba."

Wakacheka. Frednand alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ni saa mbili," nikasema. "Saa mbili na dakika arobaini na moja."

"Sifuri mbili ni saa nane."

"Ofisini. Niliandika saa za ofisi miaka ishirini na mitatu na sikuzikosea. Siku niliyostaafu niligeuza saa yangu ya mkononi na ile ya ukutani, mbili ikawa mbili kama mdomo unavyosema. Kinasa nacho nimekiweka hivyo hivyo."

"Kwa kusahau au kwa kutojua?"

"Kwa mazoea."

"Ndiyo elimu ya taa ya chemli hiyo," akawaambia wenzetu. "Inaangaza mezani tu."

Katibu wetu ni Adelfina, muuguzi, mwanamke asiyependa kelele. Alikuwa ameshapiga hesabu pembeni ya karatasi yake. "Mwalimu, tofauti ni saa sita kamili. Dakika na sekunde hazijaguswa. Tunaandika sahihisho, yanakwisha."

"Najua ni saa sita, Adelfina. Kila mtu humu anajua. Lakini nikipeleka hiki kitu kilivyo, watasema Ngara watu hawajui kusoma saa. Kwa hiyo nimefikiria njia." Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu awashe televisheni. "Vipimo vitakwenda. Tutaandika vituo viwili, Rusumo na Ntobeye, mwangalizi mmoja, Rogasian. Mzee tutamweka kwenye shukrani, kama aliyetunza kifaa."

"Yaani mlinzi," nikasema.

"Umesema wewe."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikunja kitambaa changu mara mbili, polepole, ili mikono ipate kazi.

"Washa na cha kwako," nikamwambia.

"Changu nimeshajaza kwenye fomu. Saa ishirini na dakika arobaini."

"Fomu nimeiona. Nataka picha."

"Huniamini?"

"Anayekataa kuwasha televisheni, simwamini."

"Kanuni inasema tuone picha zote, mwalimu," Adelfina akasema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshachomoa waya kwenye kinasa changu na kuuchomeka kwenye cha mwalimu. Kilikuwa kipya, kimetoka Mwanza, bado kina karatasi ya nailoni kwenye kioo. Picha yake ilikuwa safi kuliko yangu. Nakiri hilo. Chini yake paliandikwa 19:40:22.

Yeyote aliyekaa Rusumo anaujua mchezo huo. Ukisogea karibu na daraja, simu inashika mnara wa Rwanda, na saa yake inarudi nyuma saa moja bila kukuuliza. Madereva wa malori waliokuja kunigombeza getini kwa sababu hiyo siwezi kuwahesabu. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameweka kinasa chake kwa kufuata simu.

"Saa moja na dakika arobaini," Frednand akasoma, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Hiyo ni saa ya Kigali," nikasema. "Ulivuka kwa pasipoti au ulijipenyeza?"

Mwalimu alizima televisheni. "Niligundua asubuhi, nikasahihisha kwenye fomu. Ni saa moja tu."

"Yangu ni sita tu."

"Si sawasawa. Mimi nilipotoshwa na mtandao. Wewe umejipotosha mwenyewe."

"Basi tuandike hivyo hivyo. Vituo viwili, waangalizi wawili, na kila mtu aandike kwa mkono wake kosa la saa yake. Naanza mimi."

Nilichukua kalamu ya Adelfina, nikaandika kwenye nafasi ya maelezo: Saa ya kifaa iliwekwa kwa hesabu ya Kiswahili, nayo imeipita saa rasmi kwa saa sita. Kosa ni la mwangalizi, Emilian Nzeyimana. Neno kosa sikuwahi kuliandika karibu na jina langu. Nililiandika kwa herufi zile zile, sikuzipunguza. Kisha nikamsukumia kalamu.

Aliiangalia, hakuigusa. "Siwezi kuandikishwa makosa na mlinzi wa geti."

Adelfina aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, saa yake kwenye fomu ni sahihi. Tukiiacha ilivyo, vituo vyote viwili vinakwenda, na jina lako limo. Nitahakikisha mwenyewe."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ningeweza kusimama, nikafunga kinasa changu, nikatafuta usafiri wa Ntobeye. Lakini mtu yule alikuwa na kosa lake mfukoni wakati ananicheka kwa langu, na alikuwa tayari kuchukua nyota yangu na kunipa shukrani.

"Aandike," nikasema, "au chake kisiende. Adelfina, wewe ndiye unayetia sahihi kwamba saa za kwenye fomu ndizo zilizo kwenye picha. Utatia?"

Aliisoma fomu tena toka juu. "Bila maelezo, siwezi."

Mwalimu alikunja waya wake taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akaweka kinasa kwenye mkoba. Mlangoni akasimama. "Peleka mstari wako mmoja."

"Nitaupeleka."

Wiki tatu zikapita. Adelfina alinikuta shambani napogoa migomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Jibu la wataalamu wa ng'ambo lilikuwa kwenye simu yake. Alinisomea akifasiri. Kipimo kimepokelewa, jina la mwangalizi ni Emilian Nzeyimana, kituo Ntobeye, sekunde zake ni nzuri. Halafu waliuliza: upande ule wa mlima una vipimo vichache sana, na kwa mstari mmoja hauchoreki. Je, hapakuwa na kituo kingine jirani? Nafasi ya namna hiyo katika eneo letu huenda ikachukua miaka kumi na minane kurudi.

Nina miaka sabini na miwili.

"Niwajibu nini?" Adelfina akauliza.

"Waambie kilikuwepo."

"Wataomba picha."

"Waambie ziko Rusumo kwa Mwalimu Rogasian. Jina lake uliandike vizuri."

Hakuandika. "Jana nilimpitia. Picha bado anazo. Anasema ukiondoa lile sharti la kuandika kosa, atazitoa hata leo."

"Na lile la kuniandika mtunza kifaa, alilizungumzia?"

Adelfina alitazama chini. "Hapana. Hilo hakulitaja."

"Hata kidogo?"

"Mzee, ungemwachia tu. Ni mstari mmoja wa maandishi."

"Ni mstari mmoja kwake pia."

Niliushika mgomba mwingine, nikakata jani lililokauka, na lingine. Nikasikia vidole vyake vikigonga kioo cha simu.

"Nimeandika kilikuwepo," akasema. "Nitume?"

"Tuma."